Siku Kumi na Moja

Nilikosea hesabu. Nilipogundua, nikanyamaza siku kumi na moja.

Kwa muda mrefu, kila nilipokisimulia kisa hiki, niliishia kwenye sentensi ya kwanza. Kosa la hesabu lina stara yake. Hakuna mtafiti ambaye halijawahi kumpata, na ukilitaja mbele ya wenzako watakuonea huruma, kisha watakutajia la kwao. Kunyamaza hakuna stara hiyo. Lakini waliopoteza kitu katika jambo hili walikipoteza ndani ya zile siku kumi na moja, kwa hiyo sina haki ya kuishia kwenye hesabu.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza chipu zinazokokotoa kwa mwanga badala ya umeme. Niliipenda kazi hiyo, na bado naipenda. Kompyuta zinazoendesha akili bandia hutumia muda wao mwingi kwa jambo moja tu, kuzidisha namba na kujumlisha, mabilioni kwa mabilioni ya mara kwa sekunde. Kila zidisho hula umeme kidogo, na kuileta namba kutoka kwenye kumbukumbu hula zaidi. Mwaka 2014 Mark Horowitz wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha kwamba, katika chipu za kizazi cha nanomita 45, kuzidisha namba mbili za biti 32 hula takriban pikojuli 3.7, ilhali kuichukua namba moja kutoka kumbukumbu iliyo nje ya chipu hula takriban pikojuli 640. Pikojuli ni juli moja iliyogawanywa mara trilioni. Ni kitu kidogo mno, mpaka uzidishe kwa idadi ya mara ambazo kinarudiwa. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kuwa vituo vya data duniani vilitumia takriban terawati-saa 415 mwaka 2024. Nilipoipiga hesabu hiyo kwa kipimo cha nyumbani, nilipata mabwawa zaidi ya 22 yenye uwezo wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115 kila moja, yakizalisha kwa nguvu zote usiku na mchana mwaka mzima. Umeme huo wote unaishia kuwa joto.

Mwanga una tabia ambayo umeme hauna. Ukitaka kupeleka alama kwa waya, lazima uujaze waya chaji na kuitoa tena, na waya ukiwa mrefu gharama inapanda. David Miller, naye wa Stanford, amelieleza jambo hili kwa miaka mingi. Mwanga unapita kwenye njia ya silikoni yenye upana wa nusu maikromita bila gharama hiyo. Ukiugawa mara mbili, ukauchelewesha upande mmoja kidogo, kisha ukauunganisha tena, pande mbili zitasaidiana au kufutana kulingana na ucheleweshaji ulioweka. Kifaa hicho kinaitwa intaferomita. Mwaka 1994 Michael Reck na wenzake walionyesha namna ya kuzipanga intaferomita kama wavu ili mwanga ukiingia upande mmoja utoke upande wa pili ukiwa umezidishwa kwa matriksi, yaani jedwali la namba. Mwaka 2016 William Clements na wenzake wa Oxford wakapata mpangilio mfupi zaidi. Mwaka 2017 kikundi cha MIT kiliweka wavu wa namna hiyo kwenye chipu ya silikoni na kuufundisha kutambua irabu za sauti ya mtu. Ulipata takriban 77 kati ya 100, wakati kompyuta ya kawaida ilipata takriban 92. Kwangu mimi, niliyekuwa nimemaliza shahada ya uzamivu muda si mrefu, ile 77 ilikuwa mlango uliofunguliwa.

Sasa, ule ucheleweshaji unawekwaje? Kwa joto. Juu ya njia ya mwanga kunalazwa waya mwembamba wa metali, ukipitishiwa umeme unapata moto, silikoni iliyo chini yake inapashwa, na mwendo wa mwanga ndani yake unabadilika. Tunauita hita, na ni hita kweli, ila ni nyembamba kuliko unywele. Hita haiwashwi ikaachwa kama swichi ya taa. Ni kama mlango wenye springi unaoushikilia kwa mkono: ukiuachia, unajifunga. Ili matriksi ibaki mahali pake, kila hita lazima iendelee kula umeme, kuwe na hesabu inayofanyika au kusiwe nayo.

Nililijua hilo. Nililifundisha darasani.

Ushirikiano wetu ulikuwa wa vyuo vitatu. Sisi, Uingereza, tulichora chipu na kuipima. Kikundi cha pili, bara Ulaya, kilitunga mbinu za kukokotoa na kuamua chipu kubwa ya baadaye ipangwe vipi. Humo alikuwamo mwanafunzi wa uzamivu kutoka Mombasa, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Tanga tulizoea kubaki kwenye simu baada ya vikao na kuzungumza lugha yetu. Kikundi cha tatu, Ireland, kilikuwa na mhandisi aliyebobea katika kuzifungasha chipu: kuunganisha nyuzi za mwanga, kuweka nyaya, kuondoa joto. Fedha zilikuwa za miaka mitatu, na za miaka miwili zaidi kama tungeonyesha matokeo.

Chipu yetu ya kwanza ilikuwa na milango minane ya kuingilia na minane ya kutokea. Wavu wa ukubwa huo unahitaji intaferomita 28, na kila moja ilikuwa na hita mbili. Jumla hita 56.

Hesabu niliyoipiga ni hii. Mwanga ulioingia kwenye chipu ulikuwa miliwati 1. Kila hatua moja chipu ilifanya zidisho 64, nane mara nane. Tukifanya hatua bilioni moja kwa sekunde, hizo ni zidisho bilioni 64. Gawanya miliwati 1 kwa bilioni 64 unapata takriban femtojuli 16 kwa kila zidisho. Femtojuli ni sehemu ya elfu ya pikojuli. Chipu nzuri za kielektroniki, kwa namba za biti chache, nilizikadiria pikojuli moja hivi. Kwa hesabu yangu tulizipita mara 60.

Hita 56 hazimo katika hesabu hiyo. Haimo leza yenyewe, ambayo ili itoe mwanga inakula umeme mwingi kuliko mwanga inaoutoa. Hakimo kipoozeo kilichoishika chipu kwenye nyuzijoto moja. Hazimo saketi zinazogeuza namba kuwa mwanga wakati wa kuingia na kuugeuza kuwa namba wakati wa kutoka. Na ile hatua bilioni moja kwa sekunde hatukuipima. Tuliipima peke yake modulata moja, kifaa kinachoiandika namba kwenye mwanga, ikafika, nami nikachukulia kuwa nane zote zingefika zikiwa pamoja.

Nieleze ilivyokuwa, kwa sababu sikukaa chini siku moja nikaamua kudanganya, na naamini wengi wanaosoma hapa hawatakaa chini siku moja wakaamua hivyo. Katika fani yetu kuna maneno yanayopendwa sana: kwamba hita zikishapangwa, hesabu inafanyika yenyewe, mwanga ukipita tu. Kimsingi ni kweli. Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba neno "kimsingi" lilishafutika kichwani mwangu. Wiki ya kuwasilisha ikisiri ya mkutano, profesa wetu aliniomba namba moja, namba moja tu, itakayomfanya msomaji aendelee kusoma. Nilichora picha ya mtambo wetu, nikauzungushia wavu wa mwanga mstari wa nukta, nikaandika juu yake "kiini cha hesabu". Kilichokuwa ndani ya mstari nilikihesabu. Kilichokuwa nje hakikuwa na gharama. Chini ya ukurasa nikaweka tanbihi kwa herufi ndogo kwamba namba inahusu nishati ya mwanga ndani ya kiini pekee, na tanbihi ile ikanitosha. Nililala usingizi mzuri.

Namba ilisafiri, tanbihi ikabaki. Iliingia kwenye makala ya mkutano, kisha kwenye taarifa ya chuo kwa wanahabari, kisha kwenye ombi la fedha za awamu ya pili. Miezi minne baadaye niliikuta kwenye jedwali la kikundi cha mbinu, safu ya tatu, femtojuli 16, bila mstari wa nukta wala maelezo. Niliiona. Niliona fahari.

Na wale wenzetu walifanya kitu cha busara kabisa kwa mtu aliyepewa namba hiyo. Kama kuushikilia wavu hakugharimu chochote, kwa nini uwe na wavu mmoja? Wakapanga chipu ya pili iwe na nyavu 64, vitalu vilivyopangwa ubavu kwa ubavu kwenye kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Mwanafunzi wa Mombasa aliandika programu ya kugawa kazi kati ya vitalu hivyo. Alikuwa na sura mbili za tasnifu juu yake, na zilikuwa nzuri. Nafasi kwenye kiwanda cha chipu ilishalipiwa. Kiwanda hukusanya michoro ya wateja wengi kwenye sahani moja ya silikoni ili wagawane gharama, na tarehe ya mwisho ya kupokea michoro haimsubiri mtu.

Alhamisi moja, siku nane kabla ya tarehe hiyo, mhandisi wa Ireland aliniandikia mistari miwili. Alikuwa anachagua kitako cha shaba cha kukalia chipu. Amechukua miliwati 1 kwa kila kitalu kama ilivyo kwenye makala, amepata miliwati 64 kwa chipu nzima. Nimthibitishie tu.

Nilikuwa maabara, saa moja na nusu jioni, chipu ya kwanza ikiwa inafanya kazi mbele yangu. Nikaanza kuandika "ndiyo". Kwa mazoea nikainua macho kwenye kifaa kinachozilisha hita umeme, kwa sababu kabla ya kuondoka kila jioni niliangalia kama hita ziko hai. Namba nyekundu zilikuwa palepale zilipokuwa kwa miezi kumi na minne. Volti 5.00. Ampea 0.15.

Siku zote nilizisoma kama mtu anayesoma taa ya kuonyesha kwamba redio imewaka. Jioni ile nilizizidisha. Tano mara sifuri nukta moja tano. Wati 0.75. Miliwati 750.

Nilikaa kimya na ile namba. Sikuhitaji karatasi. Miliwati 750 kwa kitalu kimoja, vitalu 64, wati 48. Mhandisi alikuwa anachagua kitako cha kuondoa miliwati 64, na kitu tulichokuwa tunamtumia kingetoa wati 48, kwenye eneo la ukucha, katika chipu ambayo hita moja ikipata moto kupita kiasi inamsukuma jirani yake atoke kwenye mstari. Nikaweka kidole kwenye kitako cha chuma kilichoishika chipu. Kilikuwa baridi, na hilo ndilo lililonishtua zaidi, kwa sababu nilijua kwa nini ni baridi: kando yake kulikuwa na kipoozeo kinachokula wati kadhaa ili kiwe hivyo. Kwa miezi kumi na minne nilikuwa nimeweka mashine ya kunificha joto langu.

Nilifuta "ndiyo". Nikaandika, "Nitakujibu wiki ijayo." Nikatuma. Hapo ndipo siku kumi na moja zinapoanza.

Ijumaa nilijiambia kwamba sina hakika. Nilinunua mita ya plagi, ile unayoichomeka ukutani kisha ukachomeka kifaa ndani yake, na Jumamosi nikaja maabara peke yangu nikapitisha mtambo mzima kwenye mita hiyo. Leza, kipoozeo, vilisha-umeme, saketi za kugeuza. Wati 23. Kwa kasi ile ile niliyoichukulia bila kuipima, hiyo ni takriban pikojuli 360 kwa kila zidisho, mara 23,000 ya nilichoandika. Hita peke yake ziliifanya namba yangu kuwa pikojuli 12 hivi. Hatukuwa tumeipita chipu ya kielektroniki mara 60. Ilikuwa imetupita sisi, na kwa mbali.

Nikiwa nimeinama pale ukutani nilimkumbuka mama. Nyumbani Tanga tulikuwa na Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, na mama alikuwa na mashaka na pasi. Nikiwa na miaka kumi na miwili alinituma nikaandike yuniti zilizobaki, nipige pasi sare zote za shule, kisha nikasome tena. Niliandika namba mbili kwenye jalada la daftari, nikatoa moja kwa nyingine, nikampelekea jibu. Hakuniuliza nguo zimekula kiasi gani na waya umekula kiasi gani. Alitaka kujua kilichotoka kwenye Luku. Nilijua kupima ukutani kabla sijajua neno juli.

Kwa hiyo kufikia Jumamosi usiku nilikuwa na hakika. Zilibaki siku sita kabla ya michoro kwenda kiwandani.

Jumapili na Jumatatu nilijaribu kuzipunguza hita. Nilitafuta mpangilio wa matriksi unaohitaji joto dogo zaidi, nikapata nafuu ya asilimia chache. Jumanne mhandisi aliandika tena, kwa upole, kwamba shaba inachukua muda kuagizwa. Sikumjibu. Jumatano kulikuwa na kikao cha vikundi vyote vitatu. Mwanafunzi wa Mombasa alionyesha matokeo mapya ya programu yake, profesa akamsifu, na zamu yangu ilipofika nikasema vipimo vinaendelea. Lilikuwa neno la kweli. Nililichagua kwa sababu hiyo. Usiku ule nilijiambia kwamba nikisema sasa bila suluhisho nitakuwa nimewaletea tatizo tupu, kwamba ni adabu kwanza nitafute dawa kisha nije na vyote viwili, na sentensi hiyo niliirudia kwa namna mbalimbali mpaka ikafanana na uwajibikaji. Ukweli ni mfupi zaidi. Niliogopa kuonekana.

Ijumaa michoro ilikwenda kiwandani. Niliiona barua ya kuthibitisha kupokelewa ikiingia saa kumi alasiri. Nilihisi nafuu, na nafuu hiyo naijutia kuliko hesabu yenyewe, kwa sababu ilinionyesha nilikuwa nasubiri nini.

Jumatatu iliyofuata niliomba kikao. Niliandika sentensi tatu kwenye karatasi nikazisoma. Namba niliyotoa haina hita ndani yake. Chipu iliyokwenda kiwandani itatoa wati 48, si miliwati 64. Nimelijua hili tangu Alhamisi ya wiki ya juzi.

Mhandisi ndiye aliyesema kwanza. "Basi ndiyo maana hukunijibu." Hakuongeza kitu. Kisha akaeleza jambo ambalo mimi sikulijua: katika sahani ile kiwanda kilitoa nafasi ya kuchimba mtaro chini ya kila hita, ili joto lisikimbilie kwenye silikoni, na mtaro wa namna hiyo unaweza kupunguza umeme wa hita hadi karibu sehemu ya kumi. Kilichohitajika ni kuongeza tabaka moja kwenye mchoro. Kwa siku mbili za kazi, alisema, angeweza kutusaidia kuliongeza. Profesa aliwasiliana na kiwanda siku hiyo hiyo. Michoro ya wateja wote ilikuwa imeshaunganishwa. Haikuwezekana.

Baada ya kikao simu iliita. Alikuwa yule mwanafunzi.

"Kaka, Jumatano ile nilipokuwa naonyesha matokeo yangu, ulikuwa unajua?"

Nikamwambia ndiyo.

"Haya," akasema. Akanyamaza kidogo. "Mimi ningeweza kuacha vitalu vinne. Programu inakubali vinne. Ilikuwa kubadilisha mstari mmoja." Kisha akaniaga kwa heshima, kama alivyokuwa akiniaga siku zote.

Gharama ni hizi. Chipu ilirudi baada ya miezi tisa, na kati ya vitalu 64 tuliweza kuwasha vitano kwa wakati mmoja. Sehemu kubwa ya bajeti ya mwaka ule iliishia humo. Sura mbili za tasnifu ya mwanafunzi hazikuwa na chipu ya kuzithibitisha, akaziondoa, akaongezewa miezi kumi ya masomo, minne kati yake bila posho. Kazi ya mhandisi ya kubuni kifungashio ilitupwa. Makala tuliiondoa kwa hiari yetu na kuandika sababu. Awamu ya pili ya fedha hatukuipata. Nilitolewa kwenye uongozi wa vipimo, na ilikuwa sawa.

Baadhi ya watu wameniambia kwamba kila mtu katika fani hii huchora ule mstari wa nukta. Wapo wanaouchora, na wengine huuchora kwa haki, wakisema wazi ni nini kimebaki nje na kwa nini. Mwanga una hoja ya kweli. Ukikuza wavu, zidisho zinaongezeka kwa mraba wakati milango ya kuingilia na kutokea inaongezeka kwa mstari tu, kwa hiyo gharama ya kuugeuza umeme kuwa mwanga inagawanywa kwa kazi nyingi zaidi. Ziko pia njia za kushikilia ule ucheleweshaji bila moto, kwa vitu kama niobati ya lithiamu vinavyoitikia volti bila kula umeme vikiwa vimetulia. Hoja hiyo inapatikana kwenye wavu mkubwa. Haikuwapo kwenye wavu wetu wa nane kwa nane, na mimi niliiazima kutoka siku za mbele nikaiandika kama jambo lililokwisha kupimwa. Ndiyo maana inaniuma. Kazi niliyoitaka ifaulu niliipa namba ambayo ingemfanya mtu wa pili asiiamini tena.

Miaka miwili baadaye, kwa fedha ndogo za mabaki na nafasi kidogo kwenye sahani nyingine, tulitengeneza wavu mmoja wa nane kwa nane wenye mitaro chini ya hita. Mhandisi aliufungasha. Mwanafunzi, ambaye wakati huo alishakuwa daktari, alikuja maabara kwetu kwa wiki moja kuupima, kwa sababu alisema safari hii anataka kuisoma mita mwenyewe. Nilimpa ile mita ya plagi. Akaichomeka, akachomeka mtambo mzima ndani yake, akasubiri kipoozeo kitulie, akaanza kusukuma namba kwa kasi kubwa kabisa ambayo modulata zote nane ziliimudu kwa pamoja, hatua milioni 200 kwa sekunde. Akapiga magoti karibu na ukuta.

"Wati tisa nukta nne," akasoma.

Nikapiga hesabu kwa sauti. Takriban pikojuli 730 kwa kila zidisho. Bado tulikuwa nyuma sana ya chipu ya kielektroniki, na ndivyo tulivyoandika kwenye mstari wa kwanza wa ikisiri. Yeye alikuwa ameshafungua daftari la maabara. Aliandika volti na ampea za kila kifaa, akaandika wati za ukutani, tarehe na saa. Kisha akageuza daftari upande wangu, akanipa kalamu nitie sahihi.